Daktari Akibadili Jina la Hali Yako, Je, Ulikuwa Unadanganya?



Leo tuzungumzie jambo ambalo kwenye mikutano yetu ya vijana halitajwi sana, labda kwa sababu tunaona ni la madaktari tu. Mtu anaambiwa utotoni kwamba ana usonji. Anakua na jina hilo, nyumbani wanalizoea, shuleni wanalijua. Akifika miaka 19, daktari mwingine anamwambia hapana, huu si usonji, ni wasiwasi uliozidi kiasi. Au inakuwa kinyume: dada ameitwa mwenye kiburi na asiyependa watu tangu akiwa mdogo, anafika chuo ndipo anaambiwa ni usonji, tena upo tangu mwanzo. Sasa huyu mtu ni nani? Na yale aliyowaambia watu miaka yote, yalikuwa uongo?

Hilo swali la mwisho ndilo linalouma. Kijana aliyekwisha kuwaeleza wenzake, "mimi nina usonji, mnivumilie kidogo," akipewa majibu mapya anaona aibu hata kurudi kwenye kikundi. Anajua kuna atakayesema, "Kumbe ulikuwa unajifanya!"

Hebu kwanza tuone majibu hayo yanapatikanaje. Usonji hauna kipimo cha damu kama malaria, wala picha ya kichwa inayosema ndiyo au hapana. Mtaalamu anamtazama mtu, anazungumza naye, anawauliza wazazi alianza lini kuongea na alichezaje na wenzake, kisha analinganisha na vigezo vilivyoandikwa kitabuni. Na kitabu chenyewe kinabadilika. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 aliowaona wana hali ya namna moja. Lakini mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, ambao unafuatwa sana hata nje ya nchi hiyo, uliupa usonji nafasi yake mwaka 1980. Katika toleo la 1968 watoto wa namna hiyo walikuwa wanaandikwa chini ya skizofrenia ya utotoni. Mwaka 1994 likaingia jina la Asperger, na mwaka 2013 likatolewa, yote yakaunganishwa kuwa wigo mmoja wa usonji. Mtu yuleyule, tabia zilezile, ila faili linasoma jina jingine.

Kuna jambo moja katika historia hii ambalo mimi linanishangaza zaidi. Toleo la 1994 halikumruhusu daktari kumwandikia mtu usonji pamoja na ile hali ya kushindwa kutulia na kuzingatia, ambayo wengi wanaijua kwa herufi zake, ADHD. Ilibidi achague moja. Basi mtoto mwenye dalili za zote mbili angeweza kwenda kwa daktari wa kwanza akaambiwa hili, akaenda kwa wa pili akaambiwa lile, na wote wawili wakawa waaminifu kabisa. Macho yao yaliona mengi, ila kitabu kilikuwa na kiti kimoja. Mwaka 2013 ndipo iliporuhusiwa kuandika yote mawili. Sasa niambie, hapo nani alidanganya?

Mtakatifu Augustino, aliyeandika kitabu kizima juu ya uongo, alieleza kwamba mwongo ni yule mwenye jambo moja moyoni na jingine mdomoni. Anayesema asilo sahihi huku analiamini anakosea, lakini hadanganyi. Kijana aliyesema "nina usonji" kwa sababu daktari alimwambia hivyo, naye akajiona humo, alikuwa anasema kweli kadiri alivyoipokea. Hadaiwi kuomba msamaha.

Lakini ndugu, jambo haliishii hapo, maana majaribu huja baada ya majibu. Mwenye jina anaweza kuligeuza ngao: "Mimi ndivyo nilivyo, msinidai kitu." Majibu mapya yakija, anakataa hata kuyasikia, anatafuta daktari wa tatu na wa nne mpaka apate wa kumwambia analolitaka, na kila anakokwenda anaficha kidogo hapa, anaongeza kidogo pale. Hapo ndipo uongo unapoweza kuanza. Kutafuta maoni ya mtaalamu mwingine si kosa hata kidogo. Kosa ni kumpelekea historia uliyoipunguza. Tena nisiwe mkali kupita kiasi: kuachana na jina ni msiba wa aina yake. Kwa wengine jina hilo liliwaletea marafiki wa kwanza waliowaelewa, na maelezo ya kwanza kwamba wao si wavivu wala wakorofi. Mtu akililia jina hilo, tusimcheke.

Upande mwingine kuna sisi tunaotazama. Sisi tunapenda jina lisilobadilika kwa sababu linaturahisishia kazi. Likibadilika tunafurahia kama watu waliogundua udanganyifu, hasa kama yule mtu alikuwa anapata nafuu fulani, mfano kuongezewa muda wa mtihani. Na wazazi nao wanabebeshwa yao. Marekani, kuanzia miaka ya 1950, akina mama waliambiwa kwamba ubaridi wao ndio uliowaletea watoto usonji, na Bruno Bettelheim akaeneza wazo hilo kwa kitabu chake cha mwaka 1967. Halikuwa kweli, na liliwaumiza wengi. Kwetu mama haambiwi baridi, anaambiwa ametupiwa jini, au ametembea vibaya akiwa mjamzito. Swali ni lile la wanafunzi katika Yohane 9: nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake? Yesu akasema si huyu wala si wazazi wake.

Soma sura hiyo mpaka mwisho, maana inafanana ajabu na safari ya vyeti na vipimo. Majirani wanabishana: ndiye, siye, anafanana naye tu. Wakubwa wanamwita, wanamhoji, wanawaita wazazi, kisha wanamwita tena. Wazazi kwa hofu wanasema ni mtu mzima, muulizeni mwenyewe. Na yeye katikati ya kelele zote anasema tu kwamba ni yeye. Mambo asiyoyajua anasema hayajui; alilolipata katika mwili wake halikani.

Yule mtoto wa kwanza katika ripoti ya Kanner alikuwa Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, Mississippi. Akiwa na miaka mitatu wazazi walishauriwa wamweke kwenye taasisi mbali na nyumbani, wakamweka, na baada ya mwaka hivi wakaenda kumchukua. Alikulia pale mjini, akafanya kazi benki, akaendesha gari, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi. Alifariki Juni 2023 akiwa na miaka 89. Katika maisha yake kitabu cha madaktari kiliandikwa upya mara kadhaa, lakini pale Forest watu walimjua kwa jina lake na walizoea namna yake ya kuongea.

Sasa wewe uliye na karatasi mbili zinazopingana ufanye nini? Mimi si daktari, kwa hiyo sitakuambia ipi ni sahihi. Ila usilazimike kuamua leo. Mwulize kila mmoja ameona nini hasa, na anashauri msaada gani. Mara nyingi utakuta wanatofautiana jina kuliko wanavyotofautiana ushauri. Msaada unaokufaa usiuache kwa sababu tu kichwa cha barua kimebadilika, na dawa usiache wala kuanza bila kumwambia daktari. Wazazi waonyeshe karatasi zote mbili.

Na kwenye fomu ya kambi ya VIWAWA, pale wanapouliza kama una ulemavu au ugonjwa, usikae unatetemeka na kalamu. Kama hujui jina, andika unachokijua: spika kubwa zinanichosha haraka, naomba ratiba siku moja kabla, na nikitoka nje katikati ya kipindi sijakasirika, nitarudi.