Hofu, Kicheko na Ridhaa

Je, ni halali kumtisha kijana ili kumfurahisha? Katika Welcome to Camp Nightmare (1993), riwaya ya R. L. Stine, Mmarekani aliyepata kuwa mwandishi wa vichekesho, Billy anapelekwa kwenye kambi ya likizo ya kiangazi ambako wenzake wanatoweka mmoja mmoja. Hatimaye yabainika kuwa yote yalikuwa mtihani, na wazazi wake walijua. Msomaji hucheka, mimi nasita. Stine naye ametuhadaa, lakini sisi tuliridhia, na kitabu hufungika. Billy hakuulizwa. Isitoshe, mojawapo ya yaliyomfaulisha ni kukataa amri ya kuwalenga kwa bunduki wasichana waliotoroka: waliomhadaa ndio hao hao wanaomsifu kwa kutowatii.