Je, Kudhulumiwa Huhalalisha Kila Vita?

Katika darasa letu la jioni hapa Namanyere, ndugu mmoja ambaye bado anaichunguza Ahmadiyya aliuliza swali lililonifanya ninyamaze kidogo. Alisema: "Sheikh, Uislamu humruhusu aliyedhulumiwa kupigana. Basi Uganda ilipoingia Kongo kuwafuata wauaji wa watoto wake ilikosa nini? Na kama haikukosa, mbona ilihukumiwa?"

Swali hili si la mbali nasi. Ukiteremka kutoka Namanyere hadi Kirando, mbele yako ni Ziwa Tanganyika, na ng'ambo yake ni Kongo, ambako wengi husema lugha hii hii tunayoisema. Yafaa tulijibu kwa uadilifu.

Kwanza tuyatazame mambo yalivyokuwa. Waasi wa ADF walikuwa wakitokea Kongo na kuua watu Uganda. Juni 1998 waliwateketeza kwa moto wanafunzi wa chuo cha ufundi cha Kichwamba. Dhuluma hiyo ilikuwa ya kweli. Tena serikali ya Kinshasa yenyewe ilikuwa imeyakubali majeshi ya Uganda yawepo mashariki mwa nchi. Lakini Agosti 1998 ukubali ule uliondolewa, nayo majeshi hayakutoka. Yalisonga mbele hata Kisangani, mamia ya kilometa kutoka mpakani. Huko, Juni 2000, majeshi ya Uganda na ya Rwanda, yaliyokuwa marafiki katika vita vile, yalipigana yenyewe kwa yenyewe siku 6, katika mji usiokuwa wa huyu wala wa yule. Mamia ya raia walikufa.

Majeshi ya Uganda yaliondoka mwaka 2003. Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilihukumu kwamba Uganda ilivunja sheria, na kwamba ilipaswa kujibu kwa uporaji wa mali uliofanywa na askari wake. Mahakama hiyo hiyo iliiona Kongo nayo ina kosa, kwa jinsi ubalozi wa Uganda na watu wake walivyotendewa Kinshasa. Februari 2022 fidia iliyoamriwa Uganda iilipe Kongo ilikuwa dola milioni 325. Na ADF, waliotajwa kuwa sababu ya yote hayo? Walikuwa wangali msituni.

Novemba 2021 mabomu yalilipuka Kampala, na tarehe 30 ya mwezi huo huo Uganda ikaingia tena Kongo, safari hii pamoja na jeshi la Kongo. Wengi hawakupendezwa. Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, alipinga kurudishwa kwa jeshi lile lile. Uganda nako baadhi ya wabunge walilalamika kwamba Bunge halikuulizwa kwanza. Na Juni 2023 wauaji walivuka mpaka na kuivamia shule ya Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi.

Je, vita hivi viwili ni kitu kimoja? La, tusiseme hivyo kwa haraka. Mara ya pili mwenye nyumba alibisha hodi pamoja na mgeni. Lakini mara ya kwanza pia mgeni aliingia kwa ruhusa, na madhara yalikuja alipokataa kuondoka. Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa.

Hebu tupime kwa mfano wa hapa kwetu. Mwizi wa ng'ombe wako amejificha katika shamba la jirani. Unamwomba jirani ruhusa, unaingia. Ukitoka na mwizi, umetenda haki. Ukitoka na magunia ya mahindi ya jirani, je, utajitetea kwamba uliibiwa ng'ombe? Kuibiwa kwako ni kweli, na wizi wako pia ni kweli. Huu wa pili haufutwi na ule wa kwanza.

Ndivyo inavyofundisha Kurani Tukufu. Ruhusa ya kupigana imetolewa kwa waliodhulumiwa, na pamoja nayo umewekwa mpaka: wasivuke kiasi, waache adui akiacha, na uadui wa watu usiwatoe katika uadilifu. Sisi Watanzania nasi tumo katika mizani hiyo. Amin alivamia Kagera mwaka 1978, na jeshi letu likaingia Kampala Aprili 1979. Sababu yetu ilikuwa ya haki, lakini kila tendo la kila askari wetu lina hesabu yake mbele ya Mwenyezi Mungu.

Ama hao ADF wanaotaja jina la Uislamu, Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa (a.s.), alibainisha kwamba zama hizi si zama za upanga kwa ajili ya dini, bali ni za kalamu na hoja. Anayewachoma wanafunzi hana fungu katika mafundisho ya Mtume Mtukufu (s.a.w.).

Ndugu yule akaniuliza tena: "Basi waachwe waue?" Hasha! Kuwalinda wale watoto ni wajibu, na mwenye nguvu akikaa kimya atakuwa na dhambi. Lakini Mtume Mtukufu (s.a.w.) alipoamuru tumsaidie ndugu yetu, awe dhalimu au mwenye kudhulumiwa, alieleza kwamba msaada kwa dhalimu ni kuuzuia mkono wake. Kwa hiyo anayeipenda Uganda kwa kweli hataacha kuiuliza: Je, bado mnamfuata yule mwuaji? Je, mwenye nyumba angali radhi? Mtatoka na nini mikononi? Na kila taifa liulizwe vivyo hivyo, letu likiwamo.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliouawa pande zote mbili za mpaka, na atujalie kuwa mashahidi wa haki hata dhidi ya nafsi zetu. Amin.