Dhamiri ya Mzazi na Mlango wa Shule

Kumzuia mtoto kuingia darasani kwa sababu wazazi wake wamekataa achanjwe ni jambo lililojadiliwa katika mahakama za Marekani kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1902, ndui ilipozuka mjini Cambridge, Massachusetts, mchungaji Henning Jacobson alikataa kuchanjwa, akatozwa faini ya dola 5. Mwaka 1905 Mahakama ya Juu iliamua dhidi yake: uhuru wa mtu una mipaka pale usalama wa umma unapokuwa hatarini. Mwaka 1922 mahakama hiyohiyo iliridhia mji wa San Antonio, Texas, umkatalie shule msichana Rosalyn Zucht, ingawa hapakuwa na mlipuko wowote wakati huo.

Mashauri haya mawili hutajwa pamoja kana kwamba ni mamoja, na sivyo. Jacobson alikataa mwenyewe, akaadhibiwa mwenyewe. Kwa mtoto, anayekataa ni mzazi, anayekosa masomo ni mwana.

Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill aliandika mwaka 1859 kwamba mtu mzima hapaswi kushurutishwa isipokuwa kuzuia madhara kwa wengine. Watoto aliwatoa waziwazi katika kanuni hiyo. Mzazi anayedai uhuru wa dhamiri, basi, anadai juu ya mwili usio wake. Mwaka 1944, katika shauri jingine, liitwalo Prince, Mahakama ya Juu ilieleza kuwa uhuru wa dini haumpi mzazi haki ya kumtia mtoto wala jamii katika hatari ya maradhi ya kuambukiza.

Hoja hiyo ina nguvu kwa kadiri chanjo inavyowakinga wengine. Katika surua ina nguvu sana. Mgonjwa mmoja, akiwa kati ya watu wasio na kinga, huweza kuambukiza watu 12 hadi 18, na ugonjwa hauzuiliki mpaka takriban asilimia 95 ya watu wawe na kinga. Wanaobaki bila kinga ni watoto wachanga ambao hawajafikia umri wa kuchanjwa, na wale wenye saratani ya damu ambao miili yao haiistahimili chanjo hiyo. Hao hawakuchagua lolote. Baada ya mlipuko ulioanzia Disneyland Desemba 2014, California ilifuta mwaka 2015 ruhusa ya kukataa chanjo za shule kwa sababu ya imani. Ilikuwa haki kufanya hivyo.

Uviko-19 ulikuja na sura nyingine. Tarehe 1 Oktoba 2021 gavana Gavin Newsom alitangaza kuwa wanafunzi wa California watatakiwa kuchanjwa, jimbo la kwanza kutangaza hivyo. Kisha ikaja aina mpya ya kirusi chake, Omicron. Chanjo iliendelea kupunguza ugonjwa mkali, lakini kinga yake dhidi ya maambukizi ilififia ndani ya miezi michache, na watoto wengi hawakuwa wakiugua sana. Faida iliyobaki ilikuwa hasa kwa mtoto mwenyewe. Ni faida ya kweli, ila ni sababu dhaifu ya kumfungia shule mtoto aliyekwisha kukosa darasa kwa miezi mingi. Mpango huo uliachwa Februari 2023, na kuuacha kulikuwa sawa.

Kuhusu dini zenyewe, mafundisho hayapingi chanjo kwa kiasi kinachodhaniwa. Mwaka 1995 wanazuoni wa Kiislamu waliokutana Kuwait waliona kuwa jelatini ya nguruwe, ambayo hutumika katika baadhi ya chanjo, si haramu ikiwa imekwisha kubadilika asili yake, mabadiliko yaitwayo istihala. Mwezi Desemba 2020 Vatican ilisema inaruhusika kimaadili kupokea chanjo za Uviko zilizotumia seli zenye asili ya mimba iliyotolewa, pale zisipopatikana nyingine. Waraka huo ulisema pia kwamba chanjo kwa kawaida iwe ya hiari, na kwamba anayekataa kwa dhamiri ana wajibu wa kujikinga kwa njia nyingine asiwe chanzo cha kuwaambukiza wanyonge. Wajibu huu husahauliwa mno na wanaonukuu ile kauli ya hiari, na ndio wenye uzito shuleni: dhamiri inayodai kuheshimiwa inatakiwa nayo ibebe gharama yake.

Majimbo mengi yanayoruhusu kukataa kwa imani yana utaratibu unaokaribiana na wazo hilo. Surua inapozuka, mwanafunzi asiyechanjwa aliyekutana na mgonjwa hubaki nyumbani, kwa kawaida siku 21, muda ambao ugonjwa huweza kujificha mwilini. Zuio hilo lina mwanzo na mwisho, na linalingana na hatari iliyopo. Ili lisigeuke adhabu kwa mtoto, shule inapaswa kumpelekea masomo nyumbani kwa siku zote hizo.