Aibu ya Aliyehadaiwa

Miongoni mwa hila zilizozuka zama hizi ni ya watu wajifanyao mafundi wa kompyuta. Mtu yuko katika shughuli zake, mara kioo chote huzibwa na tangazo lenye mlio wa kutisha, lasema kompyuta imeingiwa na virusi, isizimwe, na ipigwe simu kwa namba iliyoandikwa. Au simu humlilia nyumbani, na msemaji hudai kuwa atoka Microsoft. Kisha humwamrisha aweke programu kama AnyDesk au TeamViewer, ambazo asili yake ni vyombo vya halali, na kwazo huishika kompyuta kutoka mbali kana kwamba ameketi katika kiti cha mwenyewe. Humfungulia daftari ambalo Windows huandika matukio yake, na humo hamkosi makosa madogo yasiyodhuru hata katika kompyuta iliyo nzima, akamwambia kuwa hayo ndiyo maradhi.

Mtume (s.a.w.) alipopita penye fungu la chakula akatia mkono ndani, vidole vikakuta umaji, alimlaumu muuzaji kwa kukificha chini kilichorowa. Hawa wameipindua ghushi ile: huonyesha kizima, wakakiita kibovu, wakauza dawa yake. Khofu ndiyo bidhaa yao.

Mwaka 2012 Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani iliwashitaki watu wa namna hii, wengi wao makazi yao Uhindi. Na mwaka 2017 ilitangaza mashitaka mengine. Windo lao kubwa ni wasemao Kiingereza, Marekani, Uingereza, Canada na Australia, na huko wako jamaa wengi wa watu wa pwani.

Walakini lililo zito kuliko hila yenyewe ni kimya cha aliyehadaiwa. Huona haya kuwaambia wanawe, huona haya kwenda benki, na kimya hicho hukiita sitara. Hapo amechanganya mambo mawili. Sitara ni ya mtu kwa dhambi zake na aibu zake. Ama aliyedhulumiwa hakutenda dhambi ya kufichwa. Katika Sura ya Nisaa, aya ya 148, yeye ametolewa katika lile katazo la kudhihirisha maneno mabaya, apate kuitaja dhulma aliyotendewa.

Yuko atakayesema kuwa mtu huyo amezembea. Yamkini. Lakini uzembe wa mwenye nyumba haumhalalishii mwizi kitu, na aghalabu aliyenaswa si mzembe, bali ni mtu wa adabu aliyezoea kumjibu vyema anayemsemesha vyema. Adabu ile ndiyo iliyoibwa kwanza, fedha zikafuata. (Na mwana amchekaye babake kwa jambo hili amemfundisha kunyamaza mara ya pili.) Naye mwizi hukitegemea kimya hicho: baada ya miezi huja mwingine, au yuleyule kwa sauti nyingine, adai atamrudishia mali yake kwa ada kidogo.

Alama zake si za kufichika. Microsoft haiweki namba ya simu katika maonyo yake, wala haimpigii mtu asiyeiita. Na adaiye malipo kwa kadi za zawadi, asomewe namba zake katika simu, huyo si fundi wala si mfanyabiashara.

Tangazo likikataa kufungika, kompyuta na izimwe, haitadhurika. Ama aliyekwisha kumfungulia mgeni, akate intaneti, aiondoe programu ile, na kompyuta ikaguliwe na fundi ajulikanaye. Abadili maneno ya siri kwa chombo kingine, akianza na barua pepe na benki. Na benki aipigie saa ileile, kwa namba iliyo nyuma ya kadi yake, si ile aliyopewa. Kwani fedha iliyotoka sasa huenda ikazuilika, na ya juma lililopita ni taabu kuipata. Aliyelipa kwa kadi za zawadi aiendee kampuni iliyozitoa, na risiti mkononi.