Tumeshinda, Sisi Akina Nani?

Wiki ile ya katikati ya Septemba 2025 ilitupa mambo mawili kwa mkupuo. Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 15, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha mjini Tokyo. Jumanne tarehe 16, jioni, Yanga waliifunga Simba 1-0 kwenye Ngao ya Jamii, uwanja wa Benjamin Mkapa. Hapa Bomang'ombe bingwa wa dunia alidumu midomoni mwa watu siku moja na nusu. Bao la Pacome Zouzoua bado linabishaniwa.

Mimi ni Simba. Nalisema mapema ili msomaji wa Yanga aanze kunicheka kuanzia hapa. Kipigo kile kilikuwa cha sita mfululizo kutoka kwa watani, ukihesabu tangu zile tano za Novemba 5, 2023, ambazo hadi leo mtu akikuonyesha kiganja barabarani hujui anakusalimia au anakukumbusha.

Lakini tuanze na Tokyo, maana wengi walioweka picha ya Simbu kwenye stetasi zao hawakuziangalia mbio zenyewe. Siwalaumu, zilianza saa saba na nusu usiku kwa saa zetu. Kwanza wakimbiaji waliitwa warudi nyuma kwa sababu kuna aliyechomoka kabla ya mlio. Hebu fikiria, mbio za kilomita 42.195, na mtu anaona ni vyema aibe nusu sekunde. Baada ya hapo ikawa saa mbili za joto na subira. Walipoingia uwanjani, Mjerumani Amanal Petros alikuwa mbele, na hatua chache kabla ya mstari Simbu alikuwa bado anamfukuza. Wote wawili wameandikiwa saa 2:09:48. Kilichowatenganisha ni sekunde 0.03. Simbu mwenyewe alisema hakuwa na uhakika mpaka alipoliona jina lake juu kabisa kwenye skrini ya uwanja.

Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Kabla yake kulikuwa na fedha ya Christopher Isegwe, Helsinki 2005, na shaba ya Simbu huyohuyo, London 2017. Jaribu kuuliza jina la Isegwe kijiweni kwako uone.

Sasa, Jumatano asubuhi kijiweni kwetu, pale barabara ya Sanya Juu inapokutana na barabara kuu ya Moshi na Arusha, kulikuwa na mzee mmoja mwalimu mstaafu ambaye wote tunamwita Mwalimu, hata ambao hakuwahi kuwafundisha. Alitusikiliza tukibishana kama nusu saa hivi, kisha akaweka kikombe chini.

"Nyie vijana, nchi imepata bingwa wa dunia juzi. Juzi tu! Na ninyi mnalia juu ya ngao."

"Mwalimu, shikamoo, lakini Ngao ni Ngao," akajibu kijana wa bodaboda.

"Marahaba. Na aibu ni aibu."

Watu walicheka, mazungumzo yakarudi kwa Pacome. Mimi ile kauli ilinikaa, kwa sababu nilihisi Mwalimu ana hoja, ila sikuwa na hakika ni ipi. Anatudai nini hasa? Kwamba Simbu anastahili kuangaliwa kuliko Simba na Yanga kwa kuwa amefanya kikubwa zaidi? Kama ni hivyo, anazungumza kana kwamba mapenzi hugawiwa kwa sifa, kama alama za mtihani. Hakuna anayempenda mama yake kwa sababu amewashinda akina mama wengine wa Hai kwa kupika kiburu.

Mwanafalsafa Nicholas Dixon, aliyeandika juu ya maadili ya ushabiki, aliwatenga mashabiki wa aina mbili: anayependa mchezo mzuri bila kujali nani anaucheza, na aliyefungamana na timu yake ije mvua lije jua. Wasomi kwa haraka wangetaka tuwe wa aina ya kwanza, maana anaonekana mwenye haki. Mimi huyo namwonea shaka. Ni kama mgeni anayekwenda kila msiba wenye chakula kizuri. Dixon naye, kwa kadiri yake, alimtetea aliyefungamana na timu, mradi asipofuke. Hapo tuko pamoja, ingawa huko kutopofuka hakujafika bado matawi ya Kariakoo.

Kwa hiyo hoja ya sifa naiweka kando. Kilichobaki kikinisumbua ni neno moja ambalo kila mtu alilitumia siku zote mbili: tumeshinda. Jumatatu, "tumeshinda dhahabu". Jumanne, ndugu zetu wa njano na kijani, "tumewafunga tena". Kiambishi ni kilekile, herufi mbili tu, lakini nadhani havikuwa vitu vya aina moja.

Angalia "tu" ya Jumanne. Imeundwa na watu gani? Mfungaji wa bao ni mtu wa Ivory Coast. Kwenye kikosi chetu vilevile kuna watu wa mataifa ambayo mjomba wangu, mwanachama wa miaka mingi, hawezi kuyaonyesha kwenye ramani. Damu haimo, ardhi haimo. Sisi wa Bomang'ombe tuko zaidi ya kilomita 500 kutoka Kariakoo, na wengi hawajawahi kuukanyaga uwanja wa Mkapa. Ila wapo wanaolipa kiingilio cha kibanda umiza kila wiki, wanaonunua jezi halisi na wengine feki, wanaokosa kula jioni ya kufungwa. Machi 8, 2025 watu walisafiri kutoka mikoani kwenda kuangalia mechi ya watani ambayo haikuchezwa, baada ya Simba kugoma kwa madai ya kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, na Bodi ya Ligi kuiahirisha. Walirudi na basi lilelile. Mechi ikaja kuchezwa Juni 25, tukafungwa 2-0, na watu walewale walikuwepo. Undugu ni kufaana, si kufanana, na kwa kipimo hicho Zouzoua ni ndugu wa watu wa Yanga kabisa, hata kama hajui shimbonyi ni salamu au ni chakula.

Kumbuka pia kwamba shabiki wa Simba alipofungwa tano alisema "tumefungwa". Alilitamka kwa tabu, lakini alilitamka. Hakusema "wamefungwa". Nadhani hapo ndipo haki ya kusema "tumeshinda" inapopatikana: kwa kuwa tayari, siku ya pili yake, kusema "tumeshindwa" kwa mdomo uleule.

Sasa rudi kwa Simbu. Rio 2016 alimaliza wa tano. Olimpiki iliyofuata, wa saba. Paris 2024, wa 17. Nani kati yetu alisema "tumekuwa wa 17"? Aprili 2025 alimaliza wa pili Boston, matokeo ambayo nchi nyingine wangepigia ngoma. Hapa nilisikia kimya. Kisha Septemba, kwa sekunde 0.03, sote tukawa tumeshinda. Kama Petros angetanguliza kifua, Jumatatu ile ingekuwa Jumatatu ya kawaida, na Simbu angerudi mtu binafsi.

Kwa hiyo mimi naona Mwalimu alikosea mahali pa kuweka aibu. Kuhuzunika Jumanne kulikuwa kwa haki, kwa sababu tulikuwa tumekulipia. Kilichokuwa na harufu ya aibu ni ile furaha ya Jumatatu: kusema "tu" pasipo kutoa chochote, kama mtu anayefika shambani siku ya mavuno akiwa na gunia lake tupu. Aliyetaka kuwa mkweli angesema "Simbu ameshinda", akampigia makofi kama anavyompigia mtu wa jirani, basi.

Nilimpelekea Mwalimu hoja hii Alhamisi, nikiwa nimejivunia kidogo. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Na Polisi?"

Swali hilo linahitaji maelezo kwa msiokuwa wa huku. Polisi Tanzania walikuwa timu yetu ya Ligi Kuu, nyumbani kwao uwanja wa Ushirika, Moshi, mwendo wa daladala moja kutoka hapa. Walishuka daraja mwisho wa msimu wa 2022/23. Walipokuwa juu, uwanja ulijaa siku Simba au Yanga walipopanda, na siku hiyo majukwaa yalikuwa mekundu upande mmoja, njano na kijani upande mwingine. Wenyeji walikuwa wageni. Ukaribu ulikuwepo, timu ilikuwepo, kiingilio kilikuwepo, na bado hatukusema "tu". Mwalimu alichotaka kunionyesha ni kwamba "tu" haioti yenyewe pale watu wanapoumia pamoja. Watu huumia pamoja pale walipokwisha kuamua kuangalia. Na jicho haliendi popote bure: mdhamini hulifuata, televisheni hulifuata, fedha hufuata hao wawili. Timu ambayo haiangaliwi hukosa hela ya kutosha kustahili kuangaliwa. Mkimbiaji vivyo hivyo.

Hoja hiyo siiwezi kuikwepa kirahisi. Mapenzi yangu kwa Simba ni yangu, nimerithi kwa mjomba, sidaiwi maelezo na mtu. Lakini jicho langu ni kama mkono kwenye sinia; likienda upande mmoja kila siku, kuna upande wa sinia ambao chakula chake kitapoa. Naweza kumpenda nimpendaye na bado nikaulizwa mkono wangu ulikuwa wapi. Hayo ni maswali mawili, na kijiwe chetu, mimi nikiwemo, hujibu la kwanza kila tunapoulizwa la pili.

Na huku kwetu la pili lina sura. Jirani yangu ana kijana wa miaka 19 anayekimbia. Hupita barabarani kabla jua halijatoka, wakati mlima umejifunua wote na mabasi ya Dar bado yanapasha injini. Viatu vyake vya kulia vimeshonwa na fundi aliyeko jirani na soko. Mwanzoni mwa Septemba aliomba tumchangie aende kukimbia nusu marathoni mkoa wa jirani: nauli, ada ya kujisajili, pa kulala usiku mmoja. Jumla Sh120,000. Orodha ikafunguliwa kwenye kundi la WhatsApp la kijiwe, lenye watu zaidi ya sabini, Simba na Yanga mchanganyiko. Jumatatu ile ya Tokyo mtu mmoja akaweka picha ya Simbu amejifunika bendera, na chini yake makofi hayakuhesabika. Juu ya picha hiyo, ujumbe mmoja tu nyuma, kulikuwa na orodha ya kijana. Ilikuwa na majina manne.

Nikauliza kwenye kundi, "Wakuu, hii 'tumeshinda' ya asubuhi inaanzia wapi?" Mmoja akanijibu kwamba huyo bado hajashinda kitu. Jibu zuri, kwa kweli, linaeleza kila kitu. Simba haijashinda ligi tangu msimu wa 2020/21, na mtu huyohuyo alikuwa amelipia nafasi ya basi la tawi kwenda Dar siku tatu kabla, akatuma na uthibitisho wa muamala.

Kuna watakaosema tofauti ni kwamba mpira huja kila wiki, na undugu hujengwa kwa kuonana mara kwa mara. Marathoni huja mara mbili kwa mwaka, usiku, huko Tokyo. Nakubali kwa sehemu. Lakini kijana huyu hupita mbele ya kijiwe siku sita kwa wiki. Tunamwona zaidi ya tunavyomwona Zouzoua. Tunajua mlio wa viatu vyake. Hata mbwa wa dukani wameacha kumbwekea.

Wiki iliisha kwa namna ya mpira wetu. Ijumaa Yanga walishinda 3-0 huko Angola dhidi ya Wiliete, Jumamosi Simba tukashinda 1-0 dhidi ya Gaborone United, tukapumua, na Jumatatu kocha Fadlu Davids akatuacha akaenda Raja Casablanca. Kundi liliwaka moto hadi usiku wa manane. Nani atakuja, nani alijua, nani ametuuza. Nami nilikuwemo, nikiandika kwa herufi kubwa, kwa sababu hilo nalo linaniuma na sitajifanya haliniumi.

Kufikia leo orodha ya kijana ina majina kumi na moja na Sh67,000. Mwalimu ametoa mara mbili. Wa bodaboda aliyesema Ngao ni Ngao ameahidi kumpeleka stendi bure na kumchukua akirudi. Usajili unafungwa Ijumaa saa kumi jioni.