Mtoto wa Kulelewa Akataapo Ziwa

Amma baad. Nabii Musa, alayhi s-salaam, alipookotwa na watu wa Firauni aliletewa wanyonyeshaji, akawakataa wote. Hata dada yake alipowaelekeza kwa mamaye, ndipo aliponyonya. Basi mwenye kumchukua yatima mchanga asimkasirikie akikataa ziwa au chupa: amezoea harufu nyingine na sauti nyingine. Apakatwe kifuani, kichwa kimeinuka, apewe kidogo kidogo mara nyingi, usiku na mchana, wala asishurutishwe. Uji asipewe kabla ya miezi 6. Akilegea, au mkojo ukipungua, apelekwe kwa tabibu siku ile ile.

Na jambo hili wanaume hulisahau sana: katika madhehebu ya Shafi, mtoto aliyenyonyeshwa mara 5 mbalimbali kabla ya kutimiza miaka 2 huwa mwana wa mwanamke yule na wa mumewe mwenye maziwa, hata kama yalikamuliwa akanyweshwa kwa kikombe. Watoto wao ni nduguze, hawaoani. Basi mwenye nyumba na aandike jina la mnyonyeshaji na idadi ya kunyonya. Ama nasaba haigeuki: ataitwa kwa jina la babaye mzazi, na urithi kwa mlezi hapati, ila kwa wasia usiozidi thuluthi.