Mgeni Ajaye Kabla ya Kosa

Ndugu msomaji, wapo waulizao: Je, ni haki mtu wa nje kuingia nyumba ya wazazi wasiokosa lolote, ati apate kumlinda mtoto wao? Je, hiyo si dhana mbaya?

Swali hili halifai kupuuzwa. Lakini tazama yaliyofanyika Elmira, mji wa jimbo la New York, Marekani. Kuanzia mwaka 1978 Bw. David Olds na wenzake waliandikisha wanawake 400 wenye mimba ya kwanza, wengi wao vijana, maskini au wasio na waume. Baadhi yao walitembelewa na wauguzi nyumbani tangu wakati wa mimba hadi mtoto alipotimiza miaka 2. Muuguzi alimfundisha mama kutunza afya yake, kumwelewa mtoto, na kuwaomba jamaa msaada. Baada ya miaka 15, habari zilizothibitishwa za kutesa au kutojali watoto zilikuwa karibu nusu tu ya zile za mama wasiotembelewa.

Basi fahamu tofauti iliyopo. Hakimu huja mtoto amekwisha umia, wala hawezi kuliondoa pigo lililokwisha pigwa. Mpelelezi hutafuta kosa. Lakini mgeni mwema hubisha hodi, huingia kwa idhini, na hutafuta mzigo wa mama ili aupunguze. Hakumdhania mtu ubaya. Amejua tu kwamba uchovu na upweke huweza kumshinda hata mwema. Wahenga walinena: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Je, ndugu, jirani yako aliyejifungua juzi umekwisha mbishia hodi?